Emiliana na Ukurasa wa Sita

Emiliana alipokuja kuulizia kitanda, Mwanamkasi alimtazama viatu kwanza. Ndivyo alivyozoea kuwapima watu tangu siku zile anauza leso mlango kwa mlango kule Mombasa: uso una kazi ya kupendeza, mdomo una kazi ya kusifu, kiatu ndicho kisichojua kujipamba kwa maneno. Vya Emiliana vilikuwa vya ghalani, vyeusi, vyenye chuma puani, vimepigwa rangi vikang'aa. Mtu wa shifti huyu, akajisemea. Analala sana, anapika kidogo, hagombani. Akamwonyesha kitanda cha juu kilichopakana na choo, ambacho watu watatu walikuwa wamekihama.

"Nataka kile cha chini, cha dirishani," Emiliana alisema.

"Kile kina mwenyewe."

"Yuko wapi?"

"Yuaja."

"Dada, godoro lina vumbi la mwezi mzima. Anakuja kwa miguu?"

Mwanamkasi hakucheka, ila alimtazama upya. Miaka kumi na minne ya kununua na kupakia mizigo pale Naif, Dubai, ilimfundisha kwamba mtu anayeanza kubishana kabla hajaketi ana kitu mkononi. "Haya, una nini wewe cha kukipatia kitanda cha dirishani?"

Mezani palikuwa na orodha ya mzigo wa kwenda Mombasa, imerudishwa mara ya tatu na watu wa kontena. Emiliana aliiinua, akaisoma amesimama.

"Hii itarudi tena. Umeandika nguo, umeandika vyombo, basi. Wanataka idadi, uzito, na kila kitu kimetengenezwa wapi. Mimi kutwa nashika karatasi hizi kule Freezone. Nipe dirisha, nitakuandikia kila orodha."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nihame."

"Sema wallahi."

"Mimi Mkatoliki, dada. Lakini nitaandika."

Wakashikana mikono. Orodha ya kwanza ilipita siku ile ile, na Mwanamkasi akajua amenunua vizuri.

Nyumba yenyewe ilikuwa fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, nyuma ya maduka ya simu. Mwanamkasi alikuwa ameigawa kwa mbao nyembamba ikawa vijumba saba, kila kimoja na pazia lake, na humo wakalala wanawake kumi na mmoja, yeye akiwa mmoja wao. Sheria iliruhusu watu wanne, na mbao ilizikataza kabisa. Mkataba ulikuwa kwa jina lake. Kila mtu alijua, na kwa kuwa kila mtu alijua, hakuna aliyetaja. Wakaazi walikuwa na namna yao ya kugonga mlango: mara mbili, kimya, mara moja. Hodi nyingine yoyote ilizima mazungumzo na televisheni, na wanawake wakabaki wamekodoa macho, vijiko hewani, mpaka nyayo za mgeni zishuke ngazi. Hofu ilikaa mle ndani kama mkaazi wa kumi na mbili, na huyu ndiye pekee aliyelala kokote alikotaka.

Emiliana alitoka Kibosho, alikokuwa akifundisha watoto wa chekechea kuimba siku za wiki. Alikuja Dubai kwa kazi za ndani, akakaa miaka miwili na familia moja ya mtaa wa Al Warqa, akalea mapacha mpaka wakawa wanamlilia yeye kuliko mama yao. Mkataba ulipokwisha hakuombwa kuuongeza. Huenda kilio kile ndicho kilichomponza. Akapata kazi ya kupanga vifurushi kwenye ghala moja la Freezone, eneo la biashara lisilo na ushuru. Huko ndiko alikomwona Leah, Mfilipino, ofisa wa ustawi wa wafanyakazi, mwanamke aliyekaa kwenye chumba chenye ubaridi akisikiliza malalamiko ya watu na kuyaandika. Siku moja Emiliana alimwuliza alisomea nini. Leah akamjibu kwamba alianzia chuo cha jamii, kozi mbili za mwanzo tu, sosholojia na saikolojia, mengine yakafuata. Jumapili iliyofuata Emiliana alikuwa kwenye foleni ya kujiandikisha.

Kitabu cha sosholojia kilikuwa kizito kama tofali. Alikifunga kwa plastiki ya malengelenge, ile ya kufungia vifurushi visivunjike, na kila alipotoka kazini alikisoma kwa sauti huku wenzake wakikata vitunguu.

"Leo tumesoma hadhi," aliwaambia siku moja. "Kuna hadhi unayozaliwa nayo, na kuna ile unayoichuma mwenyewe."

"Na ile wananyang'anya wewe airport?" aliuliza Robinah. Huyu alikuwa Mganda wa Masaka, mwembamba, mwenye kicheko kifupi. Mwaka mmoja nyuma alitoroka kwa madam aliyemwajiri, pasipoti akaiacha huko, na sasa alisafisha nyumba za watu kwa saa bila kibali.

"Hiyo haimo."

"Basi rudisha kitabu, nyabo. Hawajamaliza kuandika."

Muhula ulipofika katikati, mwalimu wao, Maan, aliwapa kazi ya kwenda kwa watu. Uhoji watu watano, uandike wanavyoishi pamoja, nani anatoa amri, nani anafuata, ugomvi unaamuliwa vipi. Siku alipoieleza kazi hiyo Emiliana hakuwapo. Ghala lilikuwa na mzigo wa sikukuu, akafungiwa ovataimu. Alipata karatasi ya maelekezo tu, na humo mstari uliosema kila mhojiwa aridhie kwa maandishi. Akaipeleka kwa Mwanamkasi.

"Dada, kitabu kinasema kabla hujaingia kwa watu lazima upite kwa mwenye mlango. Hapa ni wewe."

"Na mwenye mlango hupewa nini?"

"Kitabu hakisemi."

"Basi hakikuandikwa na mtu aliyewahi kuuza kitu." Mwanamkasi akafikiri kidogo. "Wahoji. Lakini kuanzia leo na barua pepe za watu wa kontena utanijibia wewe."

Alipokubali hakuona hatari. Maneno ya wanawake jikoni yana nini? Hayana mlango wala ghorofa.

Wakaketi sakafuni jikoni, wahojiwa watano, Emiliana katikati na karatasi zake za ridhaa alizozichapa ghalani kwa siri. Zilikuwa na mistari miwili: nimekubali kuhojiwa, na mahali pa sahihi. Kibibi wa Tanga, aliyefanya usafi hospitalini na kuona fomu nyingi kuliko mganga, aliigeuza ya kwake nyuma na mbele.

"Namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Ya kitambulisho. Mji huu hata kuchukua kifurushi wanataka namba. Karatasi isiyo na namba ni ya kufungia maandazi."

"Ni kweli," alisema Robinah. "Kesho huyu atasema mimi nimesema kitu mimi sijasema. Nitamshika wapi?"

Wote wakamtazama Mwanamkasi, kama walivyomtazama kila palipohitajika uamuzi. Naye mtu aliyepanda kwa karatasi, aliyewahi kumshinda dalali wa Kihindi kwa risiti ya miaka mitatu, akaamua alivyojua.

"Wana haki. Weka jina, namba, simu, sahihi. Na mahali pia. Karatasi isiyo na mahali haishiki. Andika jengo, ghorofa, mlango."

Emiliana akachora mistari mipya kwa rula. Robinah ndiye aliyechelewa kidogo. "Kitambulisho walifuta. Pasipoti iko kwa madam, kwa droo ya soksi. Lakini namba iko hapa." Akajigonga paji la uso. "Hii hawakuweza kufungia kwa droo." Akaiandika bila kusita, herufi na tarakimu, kama mtu anayetaja jina la mamake.

Zilipokamilika Mwanamkasi aliona bado zimepungukiwa. Akaingia chumbani, akaleta muhuri wa biashara yake ya mizigo, akaupuliza, akazipiga zote tano. Zikawa karatasi nzuri kuliko mkataba wa fleti.

Jumapili ya wiki iliyofuata, saa tano asubuhi, alikuwa dukani kwa Mwafghani akivutana naye juu ya mablanketi. Bei ilikuwa imeshashuka mara tatu na alijua ina shuko moja zaidi. Simu ikalia.

"Dada, uko wapi?" Ilikuwa sauti ya Emiliana, lakini imebanwa kama mtu anayeongea ndani ya kabati.

"Sema."

"Zile karatasi za ridhaa. Nilizipiga picha nikaziweka mwisho wa kazi yangu, ukurasa wa sita. Nilidhani inakwenda kwa mwalimu peke yake."

"Imekwenda wapi?"

"Kwenye ukurasa wa darasa, kule mtandaoni. Tuko watu thelathini na wawili. Kila mmoja lazima asome kazi za wenzake wawili na aulize swali. Imekaa pale tangu Ijumaa."

Mwanamkasi aliliachia blanketi. "Nani ameuliza?"

"Mmoja tu. Anaitwa Awadh. Dada, Awadh anafanya kazi ya ukaguzi wa nyumba. Alijitambulisha siku ya kwanza, nilikuwa nimekaa nyuma yake."

"Ameuliza nini?"

"Ameuliza, wanawake kumi na mmoja wanalala vyumba vingapi."

Kulikuwa na joto dukani, lakini Mwanamkasi alisikia baridi ikianzia kwenye visigino na kupanda taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa. Aliziona karatasi tano. Aliona jengo, ghorofa, mlango. Aliuona muhuri, ambao hakulazimishwa na mtu kuupiga, ameupiga kwa mkono huu huu uliokuwa sasa ukitafuta rafu ya kushika. Faini angeilipa kwa miaka. Leseni ingekwenda. Wangemtia kwenye ndege na begi la kilo ishirini, na miaka kumi na minne ingebaki nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli la watu wengine.

"Unachukua, huchukui?" Mwafghani aliuliza.

"Sichukui," akasema, na akatoka akiliacha shuko la mwisho, jambo ambalo Naif haikuwahi kumwona akilifanya.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la vioo, mwendo mfupi kutoka kituo cha treni ya metro. Emiliana alikuwa ameketi kwenye ngazi, kitabu kifuani. Macho yake yalikuwa makavu. Alikuwa amevuka pale pa kulia.

"Sikujua, dada."

"Hukujua wewe, hukujua mimi. Twende."

Maan alikuwa mtu mrefu, Mwarabu wa Jordan, mwenye sauti ya chini. Alizungumza Kiingereza, Emiliana akatafsiri, na kila sentensi aliyoitafsiri ilimshusha mabega. Kazi ameiondoa, saa nne na nusu, mara tu alipoiona. Jina la mhojiwa haliandikwi kamwe, popote. Hilo ndilo somo la kwanza la kuhoji watu, na alilieleza darasa zima. Karatasi za ridhaa hukaa kwa mwanafunzi, zimefungiwa. Waliofungua kazi kabla hajaiondoa ni sita. Nani kasoma mpaka mwisho, mashine haisemi.

"Anasema pia niandike upya bila majina, kabla ya Alhamisi, la sivyo nimeanguka kozi."

Mwanamkasi alishangaa kwamba ndani ya jengo lile bado kuna watu wanaohesabu alama. "Mwulize huyo Awadh yuko wapi."

Alikuwa mkahawani, meza ya pembeni, kijana wa miaka ishirini na sita hivi, kanzu nyeupe imenyooshwa, chai mbele yake haijaguswa. Emiliana akataka kwenda kumwangukia miguuni. Mwanamkasi alimkalisha.

"Kaa hapa. Anayelia hapelekwi sokoni."

Njiani kutoka mlangoni mpaka ile meza, hatua kama ishirini, alipima alichokuwa nacho. Bahasha aliifikiria akaiacha. Mtu wa serikali anayependa fedha unampa bahasha. Asiyependa atakuuza wewe na bahasha yako. Na hakujua huyu ni yupi. Hakujua hata ameona nini. Kununua mbuzi kwenye gunia ni ujinga, na hapa yeye ndiye aliyekuwa ndani ya gunia.

"Assalaam aleikum, mwanangu," alisema kwa Kiarabu cha sokoni.

"Waaleikum salaam. Shikamoo, bibi."

Mwanamkasi akaketi kabla hajakusudia. "Kiswahili hiki umekitoa wapi?"

"Kwa bibi yangu mzaa mama. Kazaliwa Unguja, mtaa wa Malindi. Kwetu ukiomba chai kwa Kiarabu hupewi." Alitabasamu, tabasamu likakatika njiani. "Ndiyo sababu niliichagua kazi ya Emiliana. Ina maneno ya Kiswahili ndani yake. Yule aliyesema kuhusu kitabu na uwanja wa ndege alinichekesha sana."

"Uliisoma yote?"

"Yote." Alikitazama kikombe. "Na ukurasa wa sita."

Basi. Macho ya Mwanamkasi, kwa mazoea tu, yaliendelea na kazi yake. Yaliona pakiti ya sukari mbele ya kijana, imechanwa vipande vidogo vidogo, vimepangwa mstari. Yaliona kucha zilizotafunwa. Alikuwa ameketi mbele ya wauzaji maelfu na alijua dalili ile. Huyu naye alikuwa akiogopa.

"Umemwambia nani?"

"Bado. Jana nimeshika simu saa nzima. Bibi, nina miezi minne kazini. Ikijulikana kuwa niliona nikanyamaza, miye ndiye nitakayeandikwa. Na nikisema, wale wanawake..." Hakumaliza. "Lakini siwezi kutojua tena ninachokijua."

"Leo uko kazini?"

"Leo mwanafunzi."

"Siku ya kazi lini?"

"Kesho, saa moja na nusu asubuhi. Nikiingia, nitawasilisha."

"Ijumaa," alisema Mwanamkasi.

"Bibi."

"Alhamisi. Mna mgonjwa mle."

"Kuna mgonjwa?"

"Hakuna. Alhamisi."

Kijana alikaribia kucheka, akajizuia. "Kesho."

Mwanamkasi akainama juu ya meza, sauti ikashuka. "Nisikize, mwanangu. Mbao zile zimefungwa kwa skrubu mia mbili. Kesho utakuja na mwenzio, maana hamji peke yenu. Atakuta nusu zimesimama, nusu ziko chini, vumbi bichi. Atajiuliza nani kawaambia hawa. Nami nikiulizwa, nimekula yamini siongopi mbele ya serikali. Jumatano."

Nje ya kioo metro ikapita bila sauti. Mwanamkasi alihesabu mabehewa kwa sababu alihitaji kuhesabu kitu.

"Jumanne asubuhi," Awadh alisema mwishowe. "Nitakachokikuta ndicho nitakachokiandika. Sitazidisha, sitapunguza."

"Na zile namba tano?"

"Nakagua kuta, sikagui watu. Sikuihifadhi ile kazi."

"Apa."

Akaapa. Mwanamkasi hakumwamini kikamilifu, kwa sababu hakuna mtu ambaye yeye aliwahi kumwamini kikamilifu, lakini alikuwa amekuja hana hata saa moja, akaondoka na siku mbili kasoro.

Nyumbani alisema maneno machache. Watu saba wanatoka, wanne wanabaki, kesho jioni kuta hazipo. Atakayepiga kelele atasikiwa na jengo zima. Hakuna aliyepiga. Wakaanza kukunja nguo, na kila lifti ilipolia kule nje walisimama kama waliopigwa picha. Kibibi alifungua skrubu kwa kisu cha mezani mpaka kiganja kikatoka lengelenge.

Robinah hakukunja kitu. Alimfuata Emiliana dirishani.

"Kwa kitabu yako, mimi naitwa nani?"

"Mhojiwa wa tatu."

"Na kwa ile karatasi?"

Emiliana alianza kukunja shuka lake.

"Mwaka mzima," Robinah alisema, pole pole, "mimi sijaambia mtu jina yangu ya pili. Mwenye duka ananiita Mama Rose. Wewe nimekuambia na namba ya pasipoti. Kwa sababu uliuliza vizuri."

"Awadh ameapa hatapeleka."

"Ameapia nani? Ameapia mimi?"

"Hata mimi niliitaka ile namba," Mwanamkasi aliingilia, si kwa huruma, ila kwa sababu hesabu ilikuwa haijakaa sawa. "Na wewe uliitaka. Tuliitaka sote."

"Ndiyo, mama. Lakini nyinyi mko na visa."

Jumatatu asubuhi, kabla wengine hawajaamka, Robinah alikuwa ametandika kitanda chake na kuondoka. Hakusema anakwenda wapi, nao hawakuuliza, maana ambacho hukijui hakiwezi kutolewa kwako.

Ilibaki kuzitoa mbao. Kuzishusha ngazi mbele ya mlinzi kulikuwa sawa na kupiga tangazo. Mwanamkasi alizunguka chumba mara mbili, kisha akakumbuka kazi yake ni nini. Akaagiza makatoni, mbao zikakatwa, zikafungwa, Emiliana akaketi akaandika orodha: mbao nyembamba, zilizotumika, vipande sitini na vinne, uzito wake, nchi zilikotengenezwa. Mlinzi wa jengo mwenyewe ndiye aliyesaidia kushikilia lifti. Kuta za fleti ya Naif zikasafiri kwenda Mombasa kihalali, na ushuru ukalipwa.

Jumanne, saa tatu asubuhi, mlango uligongwa mara nne, kwa nguvu. Mwanamkasi alifungua mwenyewe. Awadh alisimama na kibao cha karatasi, na nyuma yake mwenziwe, mtu mzima mwenye tochi. Awadh alimsalimu kwa Kiarabu kama asiyemjua.

Walihesabu vitanda: vinne. Walifungua makabati, wakapima vyumba. Yule mtu mzima akapitisha tochi ukutani, polepole, akasimama. Akaingiza ncha ya kidole kwenye tundu la skrubu. Kisha kwenye jingine. Yalikuwa yamejipanga wima, kutoka sakafuni hadi darini.

"Haya ni nini?"

"Ya picha, sir."

"Picha ukutani kwa mstari mmoja, mpaka chini?"

"Familia yetu kubwa, sir. Wengine wafupi."

Jikoni Kibibi alisikika akidondosha kifuniko. Yule mtu akamtazama Mwanamkasi kwa muda ambao kwake yeye ulitosha kufunga safari ya kwenda Mombasa na kurudi. Kisha akamgeukia Awadh. "Andika onyo. Matundu yazibwe, ukuta upakwe rangi, ndani ya siku kumi." Awadh akaandika. Alipotoka hakugeuka nyuma, na Mwanamkasi hakumwona tena.

Emiliana aliiandika upya kazi yake, kurasa tano, wahojiwa wameitwa kwa herufi, jengo halikutajwa, hata mji haukutajwa. Mwalimu alimpa alama sitini na mbili. Angepata themanini, alimwambia, kama isingekuwa ule ukurasa. Alipita. Muhula uliofuata akaingia saikolojia, na Leah akamchukua ofisini siku mbili kwa wiki kukaa na Waswahili wanapokuja kulalamika. Watu walisema anaandika kidogo sana. Anasikiliza mpaka mwisho, kalamu iko mezani, kisha anauliza, hili unataka liandikwe au ulitaka tu kulisema?

Lakini kule Naif Emiliana hakulala tena. Alikuwa mmoja wa wale saba waliotoka. Mwanamkasi hakumtukana wala hakumbembeleza, alimwambia tu kwamba kitanda cha dirishani sasa ni cha Kibibi. Emiliana alihamia nyumba ya wafanyakazi ya kampuni, watu sita chumbani, chini ya mashine ya kupozea hewa inayodondosha maji.

Robinah alikwenda mwenyewe ubalozi mdogo wa nchi yake akaomba karatasi ya safari. Alishikiliwa siku kumi na moja, akapigwa muhuri wa kutorudi, akafika Entebbe na begi moja. Hayo aliyasema kwa ujumbe wa sauti aliomtumia Kibibi. Kwa Emiliana hakutuma kitu, na Emiliana, aliyeandika barua nyingi za watu wengine, hii yake aliianza mara nyingi bila kuimaliza.

Mwanamkasi alipoteza wapangaji saba na mwandishi bora aliyewahi kumpata. Orodha zake sasa zinaandikwa na kijana wa duka la fotokopi, na moja kati ya tatu inarudi. Alibaki na wapangaji watatu, kuta zilizopakwa rangi, na jina lisilo na doa kwenye mkataba. Ukimwuliza, atakwambia alipata hasara, tena kubwa. Kisha atakwambia bei ya mablanketi, kama unayataka.